Baki la Hatua ya Kumi na Mbili

Mwalimu hakulipenda neno "sawa". Ukimpelekea daftari ukamwambia, "Mwalimu, jibu langu liko sawa," angekutazama juu ya miwani kana kwamba umemwandalia ugali mbichi. "Sawa si jibu," angesema. "Nionyeshe baki." Jibu, kwa maneno yake, mtu anaweza kulichungulia kwa jirani, lakini baki la kila hatua ni lazima ulitoe mwenyewe.

Naanza na neno hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia "sawa" siku ambayo mambo hayakuwa sawa hata kidogo. Nitafika huko. Kwanza nataka mumwone alivyokuwa, maana siku hizi watu wakimtaja hutaja ugonjwa tu, na hilo linaniudhi.

Alitufundisha hisabati katika shule ya kutwa katikati ya jiji, shule kongwe yenye ngazi za mawe zilizolika katikati. Alikuwa mrefu, mwembamba, na suti yake ya kahawia ilikuwa na chaki katika kila mfuko, hata ule wa ndani. Hakupiga mtu. Ukikosea, alikuita ubaoni, akakupa chaki, akasimama kando yako akiwa amefumba macho, akisikiliza unavyotoa kwa sauti. Ulipofika penye kosa angefumbua macho. Hakusema neno, alifumbua tu, na wewe ukajua ni hapo. Hadi leo nikisoma kitu kwa sauti nahisi kuna mtu kando yangu aliyefumba macho.

Mtu huyo aliyeitaka kweli katika kila mstari alikuwa mwongo mkubwa wa sukari. Daktari alimkataza, mke wake akafungia kopo kabatini, naye akawa anabeba sukari katika bahasha ya barua ndani ya mfuko wa chaki. Nilimkamata mara moja akiikoroga kwenye chai ya kazini kwangu, miaka mingi baada ya shule. "Hii ni chaki, Mwende," akaniambia bila aibu. Kanisani alichelewa kila Jumapili, yeye aliyetufungia mlango wa darasa tukichelewa dakika mbili. Na ingawa hakuwahi kuogopa namba yoyote, aliogopa lifti. Mimi ni msahihishaji wa maandiko katika duka la uchapishaji lililo ghorofa ya sita, karibu na River Road. Alipokuja kunitembelea alipanda ngazi zote sita, akafika akihema. "Hiyo sanduku," alisema akiinyooshea lifti kidole, "haijawahi kunionyesha vile inafanya kazi."

Aliwaandika wanafunzi wake. Sisemi rejista ya shule. Hiyo kila mwalimu anayo. Yeye alikuwa na namba.

Itabidi mnivumilie kidogo hapa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika pasipo baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ya Mwalimu ilikuwa elfu tisa mia tisa sitini na saba. Chukua moja, uigawanye kwa namba hiyo kama tulivyofundishwa shuleni. Moja ni ndogo mno, unaongeza sifuri, kumi, bado, mia, bado, elfu, bado, elfu kumi, hapo inaingia mara moja, na baki ni thelathini na tatu. Unaliongezea baki hilo sifuri, unaendelea. Kila hatua inakupa tarakimu moja ya jibu na baki moja. Namba tasa nyingi huchoka mapema: baada ya muda baki la moja linarudi, na jibu linaanza kujikariri. Hii haichoki upesi. Inapitia kila baki kuanzia moja hadi elfu tisa mia tisa sitini na sita, bila kurudia hata moja wala kuruka hata moja, ndipo inarudi mwanzo.

"Kila mtu anapata zamu yake," Mwalimu alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo kila aliposema hivyo. Aliichagua namba hiyo kwa sababu namba za usajili za shule yetu hazikuwa zimeifikia alipostaafu. Maana yake ni kwamba kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alikuwa na mahali pake ndani ya hesabu hiyo, mahali pamoja tu. Alipolifikia baki lililolingana na namba ya usajili ya mtu, aliandika jina kando yake, na neno moja au mawili ya kumkumbuka. "Otieno, anacheka akikosa." "Halima, mkono wa kushoto." Mimi nilikuwa 6036. Namba yangu hutokea mapema sana, katika hatua ya kumi na mbili, kwa hiyo nilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Kando yake aliandika: "Mwende, hadanganyi."

Neno hilo lilitokana na kisa cha kidato cha pili. Alikuwa amenijumlishia vibaya, akanipa alama kumi zisizo zangu, nami nikamrudishia karatasi. Mama yangu, Mkamba wa Machakos asiyejua mchezo, angenikung'uta kama ningekaa kimya, kwa hiyo sifa hiyo ilikuwa ya mama zaidi kuliko yangu. Lakini Mwalimu aliiandika kwa jina langu, na kwa kalamu.

Alipostaafu alirudi kwake Mutuini, kwenye nyumba ya mawe iliyozungukwa na migomba na sukuma wiki, huku nyumba za kupangisha zikiota pande zote. Mke wake amezikwa hapo, nyuma ya zizi tupu. Kila asubuhi kabla ya chai alienda kumsalimia, akamweleza habari za majirani. Kisha akaketi mezani na madaftari yenye miraba. Hatua mia tano kwa kila daftari. Nusu ya kwanza ilichukua madaftari kumi, naye aliifanya polepole kwa miaka kadhaa, akisimama kila alipokutana na mtu.

Wakati huo alikuwa akimfundisha msichana mmoja huko Spring Valley, mtaa wa matajiri, siku mbili kwa wiki. Baba wa msichana alifanya kazi ya kulinda siri za kompyuta. Siku moja akamwambia Mwalimu kwamba siku hizi siri za mabenki hulindwa na namba tasa zenye tarakimu mamia, na kwamba hiyo yake mashine ingeimaliza kabla mtu hajapiga chafya. Mwalimu alikunywa chai yake, iliyokuwa na sukari ya wenyewe, akamjibu, "Ni kweli. Lakini hiyo mashine haijafundisha mtu." Alinisimulia kisa hicho mara tatu. Mara ya nne alinisimulia mara mbili katika saa moja, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Binti yake, anayeishi Kinoo, alikuwa ameogopa kabla yangu. Aliniita Mutuini Jumamosi moja, tukaketi watatu mezani. Mimi humwita Mama Kui.

"Mwende, mimi nimechoka," alisema. "Wiki jana amewacha gesi ikiwaka mpaka sufuria ikashika moto. Juzi amepotea hapo tu Kawangware, boda ndio ilimrudisha. Daddy, twende Kinoo. Kuna chumba yako. Please."

Mwalimu alitazama dirishani, kule nyuma ya zizi. "Na mama yako nitamwachia nani?"

"Mama alishaenda, Daddy."

"Hajaenda mahali. Yuko hapo."

Mama Kui akaanza kulia. Mwalimu, ambaye hakuweza kuvumilia machozi ya mtoto wa mtu yeyote, seuze wake, akainuka, akaleta madaftari kumi, akayaweka mbele yetu.

Ile namba ina tabia nyingine. Ukifika katikati kabisa, kwenye hatua ya elfu nne mia tisa themanini na tatu, nusu ya pili inaanza kujibu nusu ya kwanza. Tarakimu ya kwanza ya nusu ya pili, ukiijumlisha na tarakimu ya kwanza ya nusu ya kwanza, unapata tisa. Ya pili na ya pili, tisa. Hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa hiyo nusu ya pili mtu anaweza kuiandika bila kuhesabu, au anaweza kuihesabu bila kuchungulia, halafu akaipima.

"Nitaihesabu," Mwalimu alisema. "Hii ya kwanza sitaigusa. Mwende atakaa nayo. Kila wiki nitampa daftari moja, atajumlisha. Zikitoka tisa zote mpaka mwisho, kichwa yangu iko mzima, na mniache hapa. Ikikataa hata moja, nitapanda gari niende Kinoo, na hamtasikia neno."

Mama Kui alinitazama, nami nikaona kwamba alitaka kukataa na hakuwa na nguvu. "Utaniambia ukweli?" akaniuliza.

"Nitakuambia," nikasema.

Basi kila Jumamosi nilienda Mutuini kuchukua daftari, na wiki nzima wakati wa chakula cha mchana nililisoma pale kazini, la kumi na moja kando ya la kwanza, la kumi na mbili kando ya la pili, penseli mkononi. Sifuri na tisa, tisa. Tatu na sita, tisa. Wenzangu walidhani ninasahihisha kitabu cha simu. Daftari la kumi na tatu, tisa zote. La kumi na tano, tisa zote. Sijui kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa nikimpigia Mama Kui nikimwambia, "Bado iko," naye alikuwa akisema, "Sawa basi," kwa sauti ya mtu anayetaka kuamini huku ameishika sufuria iliyoungua.

Lakini mwili wa Mwalimu ulikuwa ukilipia. Kila Jumamosi nilimkuta amekonda. Alinyoa nusu ya uso. Alikuwa akihesabu tangu alfajiri, anafuta, anarudia, anapima kila utoaji mara tatu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe na maji yanapanda. Juu ya meza alibandika vikaratasi: "Zima gesi." "Umekula." "Leo ni Jumanne." Siku moja aliniuliza, "Mwende, hii kitu ikiniisha, wale wote wataenda wapi?" Aliweka kiganja juu ya majina. Nikajifanya natafuta begi langu.

Daftari la kumi na tisa ndilo lililonivunja. Lilikuwa la mwisho ila moja.

Kurasa za mwanzo zilikwenda vizuri. Katikati, karibu na doa la chai, tisa zikakatika. Saba na moja. Nikadhani ni macho yangu. Nikarudia. Nikashuka mstari baada ya mstari, na hakuna kilichokubali. Nikaacha kujumlisha, nikaanza kusoma mabaki, kama alivyotufundisha. Pale penye doa palipaswa kuwa na baki la tarakimu nne. Yeye alikuwa ameandika 33. Kisha 330. Kisha 3300. Kisha 3099. Mistari mitano zaidi, na nikaliona: 6036. Kando yake, kwa mwandiko uleule ulionyooka, "Mwende, hadanganyi."

Nilibaki nimelishika daftari. Namba yangu ilikwisha kupita. Ilipita katika hatua ya kumi na mbili, na haiwezi kupita tena, hiyo ndiyo sheria ya namba yenyewe. Mwalimu alikuwa ameinuka mezani, labda kunywa chai, aliporudi hakujua alikuwa wapi, na mkono wake ukashika njia pekee uliyoijua, ile ya mwanzo. Na jambo baya zaidi ni kwamba baada ya hapo hakukosea tena. Kila utoaji ulikuwa safi. Katika namba ile huwezi kuanguka nje. Ukikosea unaangukia mahali pengine ndani yake, unaendelea kutembea vizuri tu, na hakuna kinachokuambia kwamba umepotea.

Nililia chooni kazini, maji ya bomba yakiwa wazi ili nisisikike.

Jumamosi ile nilimkuta amevaa tai. Alikuwa amenyoa vizuri, safari hii pande zote mbili. Alinishika kifundo cha mkono kabla sijaketi, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mwende. Niambie."

Nilitazama dirishani. Kulikuwa na maua mapya kule nyuma ya zizi, ndani ya kopo la sukari.

"Ziko sawa, Mwalimu," nikasema.

Nilingoja. Miaka yote ile hakuna mtu aliyemwambia neno hilo akaachwa hivihivi. Nilitaka aniambie nimwonyeshe. Nadhani kama angesema hivyo ningelitoa daftari na kumwekea kidole palepale penye doa. Hakusema. Aliuachia mkono wangu, akaketi, akasema, "Asante," na hakunitazama usoni. Nikajua kwamba hata yeye hakutaka kuona. Nikampigia simu Mama Kui, nikamwambia yaleyale. Ulimi ukishateleza mara moja, mara ya pili hauhitaji hata utelezi.

Daftari la ishirini halikufika nusu. Siku kumi baadaye Mwalimu alivaa suti ya kahawia asubuhi na mvua, akatia chaki mfukoni, akaenda kufundisha. Alienda Spring Valley, kwa msichana ambaye alishamaliza shule na kwenda chuo ng'ambo, na ambaye familia yake ilishahama. Alibisha geti moja baada ya jingine akiuliza kama somo limeanza. Walinzi walimfukuza, na siwalaumu, hawakumjua. Alipatikana siku ya pili ndani ya mtaro kando ya ua wa michongoma, nyonga imevunjika, anahesabu kwa sauti. Mlinzi aliyemtoa alisema mzee alikuwa akimwambia kila mara, "Ngoja, usinikatize."

Mwalimu alipopotea niliyarudisha madaftari yote mezani kwake, na Mama Kui aliyakuta siku alipokwenda kufunga nyumba. Si mtu wa hisabati, lakini anaweza kujumlisha hadi tisa. Alinijia kazini, akapanda lifti, akaliweka daftari la kumi na tisa mbele yangu.

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

Nilianza kusema kuhusu tai, kuhusu maua. Aliinua mkono. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Mimi ningetaka kudanganywa, ningeuliza majirani. Nilikuuliza wewe kwa sababu Daddy mwenyewe aliniambia, huyo hadanganyi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayemfichia mwenzake, labda kwa sababu walijua hakuna cha kumwambia.

Ilinichukua miezi minne kupata uso wa kwenda Kinoo. Mama Kui alinifungulia, akanikaribisha kwa heshima, heshima ile ya kumwekea mtu chai bila kuketi naye. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, na chini yetu magari ya Waiyaki Way yalikuwa yakinguruma bila kupumzika. Kulikuwa mchana mweupe. Alikuwa na daftari jipya na kalamu.

"Hiyo ndiyo kazi yake," Mama Kui alisema kutoka mlangoni. "Anaanza, anafika hapo tu, anawacha. Kesho anaanza tena."

Nilivuta kigoda nikaketi kando yake. Hakunitambua, ila alisogeza daftari ili nione, kama alivyosogeza zamani. Aliandika moja. Kumi, mia, elfu, elfu kumi. Thelathini na tatu. Alikwenda taratibu, midomo ikitembea, nami nikafumba macho nikamsikiliza. Hakukosea popote. Elfu tatu na tisini na tisa. Elfu moja themanini na tisa. Mia tisa ishirini na tatu. Nilipofumbua macho alikuwa amefika hatua ya kumi na mbili, ameandika 6036, na kando yake jina langu na lile neno. Aliweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa umelainika.

"Huyu namkumbuka," akasema. "Msichana wa Machakos. Hajawahi kunidanganya hata siku moja."

Nilisikia vikombe vya Mama Kui vikikoma kugongana jikoni.

"Alikudanganya mara moja, Mwalimu," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Daftari la kumi na tisa halikuwa sawa. Aliona, akakuambia liko sawa. Ulipotea wewe, ukaumia. Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe."

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanitazama kwa upole, upole ambao mtu humpa mgeni aliyekosea nyumba.

"Sasa mbona unaniambia mimi?" akauliza. "Mwambie Mwalimu mwenyewe. Anakaa kwake Mutuini. Enda asubuhi, utampata ametoka kumsalimia mama. Usiogope. Yeye hakasirikii makosa, hukasirika ukimficha."

"Sawa, Mwalimu," nikasema.

Nilingoja aniambie kwamba sawa si jibu. Alifungua ukurasa mpya, akaandika moja.